Usiniambie "Tafuta Kazi ya Mtandaoni" Ukidhani Umenisaidia

Wiki hii tena nimepata ujumbe kutoka kwa mtu anayenifuata: "Buda, na hiyo hali yako, si utafute tu kazi ya mtandaoni? Uko kwenu, hakuna bosi, hakuna kelele, hakuna presha."

Nilisoma, nikashukuru, nikaweka simu chini. Lakini maneno yenyewe yalikaa kichwani siku nzima, kwa sababu huu ni ushauri ninaopewa na kila mtu: binamu zangu, mwalimu wangu wa zamani, hata jamaa wa boda boda pale stendi. Wote wana nia njema. Na wote wanakosea mahali pamoja. Kwa hivyo leo acha niandike refu, ndiyo siku nyingine nikiulizwa niwe natuma tu hii.

Mimi nina usonji. Nilizaliwa nao, ila karatasi ya daktari niliipata nikiwa na miaka 23. Naishi Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vya chai na ndizi. Kazi yangu yote naifanyia nyumbani. Kwa hesabu ya yule jamaa wa ujumbe, mimi nishafika. Ukweli ni kwamba ilinichukua miaka mitatu, na aina tatu za kazi za nyumbani, kupata moja ambayo hainifanyi mgonjwa. Na kilichoondoa presha hakikuwa kukaa nyumbani.

Nairobi, miezi minne

Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa Nairobi, kupokea simu za wateja wa kampuni fulani. Watu wakisikia hivyo wanacheka. Mtu wa usonji, kazi ya kuongea na simu kutwa nzima? Lakini sikieni, kuongea na wateja ndiyo sehemu niliyoipenda. Tulikuwa na karatasi. Mteja akisema hivi, jibu hivi. Akikasirika, sema hivi. Mtu akiniuzia karatasi kama hiyo ya maisha yote, nitakopa ndiyo niinunue.

Kilichonimaliza ni kila kitu kilichozunguka ile simu. Chumba kimoja, watu karibu sitini, wote wanaongea kwa pamoja. Taa za juu zinalia zzz, na wenzangu wanaapa hazilii. Saa ya kula inabadilishwa bila mtu kuambiwa. Msimamizi anapita anasema "jioni tutaongea" na hasemi tutaongea nini, basi mimi nakaa saa sita tumbo limejifunga. Jioni ikifika, alitaka tu kujua kama nina chaja. Halafu matatu ya kurudi kwa nyumba, muziki wa kutetemesha mbavu.

Mwezi wa nne niliamka asubuhi moja nikashindwa kuongea. Sikukataa kuongea. Maneno yalikuwepo, mdomo haukuyachukua. Siku mbili nzima. Niliyeishi naye alidhani nimerogwa, na sikumlaumu, maana mtu akinyamaza ghafla hilo ndilo wengi huwaza kwanza. Dada yangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Baada ya safari kadhaa na maswali mengi kuhusu utoto wangu, nikapewa jina la kitu nilichoishi nacho miaka yote.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo bado linanichekesha. Kwenye usaili wa kazi ile, mama mmoja wa ofisi aliniambia, "Niangalie machoni nikikuongelesha." Mimi nimelelewa Gusii. Mtoto kumkodolea mtu mzima macho ni kukosa adabu. Nyumbani nilikuwa nasifiwa kwa kuangalia chini, "kijana ana heshima huyu," halafu Nairobi nikaangalia chini vile vile nikaonekana mtu anayeficha kitu. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika hoja ambayo nilipoisoma nilimkumbuka yule mama. Alisema mtu mwenye usonji na asiye nao wakishindwa kuelewana, kosa si la mmoja. Wote wawili wameshindwa kusomana. Ni vile mmoja tu ndiye hupelekwa kwa daktari.

Kazi ya kimya si lazima iwe kazi tulivu

Nikarudi Ekerenyo na begi moja. Baba hakuuliza kitu, na kwa baba yangu hiyo ni hotuba ndefu. Nikaanza kutafuta kazi ya mtandaoni, vile mnavyoniambiaga.

Ya kwanza ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Kila kijana Kenya anamjua mtu anayefanya hiyo. Nilikuwa naandika vizuri. Lakini oda zinaingia usiku, kwa sababu mchana wa Marekani ni usiku wetu. Unapewa saa sita uandike kurasa kumi, na ukimaliza jina lako halipo popote. Mtu anafaulu somo ambalo hakulisoma. Nilikuwa nalipwa kusaidia mtu kudanganya, na akili yangu ikishika kitu kama hicho haikiachilii. Nikaacha.

Ya pili ilikuwa kuchora visanduku kuzunguka magari na watu kwenye picha, ili kompyuta zijifunze kuona. Hii niliipenda kweli kweli. Sheria ziko wazi, picha moja baada ya nyingine, hakuna wa kukuuliza mbona hucheki. Nilikaa nayo miezi saba. Halafu asubuhi moja naingia kwenye akaunti, haifunguki. Pesa za wiki mbili ziko ndani. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine. Mpaka leo sijui kosa langu lilikuwa nini.

Sitaji jina, na hata halina haja, kwa sababu hii si hadithi yangu peke yangu. Machi 2024 Remotasks iliwafungia Wakenya mlango, na vijana waliokuwa wanalipia nyumba kwa hiyo kazi wakaanza upya. Mwaka mmoja nyuma yake, Januari 2023, jarida la TIME lilikuwa limeripoti juu ya Wakenya waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili ChatGPT isaidiwe kuyakwepa. Hebu fikiria picha yake: mtu ameketi, kimya, kompyuta mbele, hakuna anayempigia kelele. Ukimwona kutoka dirishani unasema huyu amepata kazi tulivu. Ndani ya kichwa chake kuna moto.

Hapo ndipo nilianza kuelewa. Watu wakisikia usonji wanafikiria kelele na umati, na ni kweli hivyo viwili vinaniumiza. Lakini kinachonimaliza kabisa ni kutojua. Kutojua kazi inaisha saa ngapi. Kutojua nani amekasirika na kwa nini. Kutojua kama kesho mlango utafunguka. Na mtandao, ndugu zangu, unaweza kuwa na kutojua kwingi kuliko hata ile ofisi ya watu sitini.

Chinsoni

Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Kwa Kiswahili ungesema ni haya au heshima, lakini kwa kweli ni kanuni. Nani anasema nini mbele ya nani, nani anaingia wapi. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kijana akishatoka jandoni halali tena kwa mama yake, analala esaiga, nyumba ya vijana. Wa rika langu wengi wanaona hayo ni mambo ya kizamani, na zingine hata mimi siziwezi. Lakini ukiwa na ubongo kama wangu kuna kitu unakiona haraka: wazee wetu walijua kwamba watu wakiishi karibu karibu, ni afadhali mipaka isemwe wazi kuliko kila mtu abaki akikisia.

Mimi nafanyia kazi kwenye esaiga yetu. Chumba kimoja cha mabati, meza, laptopu ya mkono wa pili, na vidude vya kuziba masikio mvua ikipiga juu. Mwanzoni ilikuwa vita. Kwa wazazi wengi huku, mtu akiwa nyumbani hayuko kazini, na mwanaume anayekaa ndani mchana ana shida. Niko katikati ya kazi nasikia, "Ng'ombe amekata kamba!" Nikirudi, nusu saa imeenda kutafuta mahali nilipokuwa. Nikikaa tu, "Enda dukani." Siku zingine nilikuwa nalia kwa hasira, na hakuna aliyejua nimekosewa nini, kwa sababu kweli hakuna aliyenikosea.

Nilijaribu kueleza ubongo wangu. Haikusaidia. Basi nikaacha kueleza nikaweka kanuni. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango. Kikiwa hapo, niko kazini, msiniite mpaka kitu kiwe kinaungua. Nikikitoa, niiteni kwa lolote. Mama alicheka wiki nzima. Wiki iliyofuata nilimsikia akimrudisha jirani njiani: "Wacha huyo, nguo iko mlangoni."

Hiyo ndiyo siku presha ilianza kushuka. Nilikuwa nyumbani tangu mwaka uliotangulia, kumbuka. Nyumba haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mpaka ulisemwa.

Risiti za Magokoro

Kazi ya tatu ilikuja kwa miguu. Kuna bibi mmoja wa boma la tatu kutoka kwetu, sote tunamwita Magokoro, yaani nyanya. Alikuja ameshika mfuko wa unga umejaa risiti, akakaa kwenye kiti changu cha pekee. Alikuwa amesikia kuna kijana wa hesabu ambaye hajui kusalimia watu vizuri. Sikukataa. Ni mimi.

Kwa wale wa mjini: huku tunachuma majani mawili na kichipukizi, tunabeba hadi kituo, yanapimwa, unapewa risiti ya kilo. Pesa ya mwezi inalipwa mwezi unaofuata. Halafu mara moja kwa mwaka inakuja bonasi, ambayo ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo kila kitu. Ukichukua mbolea kwa mkopo inakatwa kwenye malipo yako. Na ukiwa na mtu wa kukuchumia, yeye naye unamlipa kwa kilo.

Macho ya Magokoro yamechoka. Alichojua ni kwamba pesa ya mwezi imeshuka karibu nusu, na chai iko kijani shambani, na kijana wake anachuma kila siku. Watu walikuwa wameshampa jibu: huyo mchumaji anauza majani yako pembeni. Kijana ana miaka 19. Amekulia kwa Magokoro tangu akiwa mdogo, hana kwingine. Magokoro alitaka risiti zihesabiwe, ndiyo ampeleke kwa chifu na ushahidi.

Nikaziingiza zote kwenye jedwali la Excel, tarehe na kilo, moja moja. Siku tatu. Nitakuwa mkweli, zilikuwa siku tatu za raha. Kilo za kwenye risiti zililingana na zile alizolipiwa, kwa hivyo hakuna kilichopotea baada ya mizani. Lakini mwizi wa majani angeiba kabla ya mizani, na hapo jedwali la mtu mmoja halikusaidii. Nikachukua risiti za Mama. Nikaomba za majirani wanne wa kilima hicho hicho.

Wote walikuwa wameshuka, wiki zile zile, kwa kiwango kinachokaribiana. Nikaangalia tarehe. Ilianza siku ya mvua ya mawe, ile iliyokata machipukizi upande wetu wa kilima. Magokoro aliijua hiyo mvua, nani hakuijua? Lakini pesa ilikuja mwezi uliofuata, chai ikiwa imeshachipuka tena, kwa hivyo kichwani mwake vitu hivyo viwili havikukutana. Na mwezi huo huo ndio mbolea ilianza kukatwa. Ukijumlisha mawe na mbolea, ile nusu inaeleweka yote.

Aliporudi nilimwambia, "Magokoro, hakuiba." Vivyo hivyo, bila salamu. Akanyamaza. Nilidhani amekasirika, nikaanza kuhesabu mistari ya mabati. Akasema, "Rudia pole pole." Nikamsomea mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe, nikamwekea na majirani kando. Akauliza, "Kwa hivyo ningempeleka mtoto kwa chifu bure?"

Kwenye ile karatasi ya kazi ya simu hakukuwa na jibu la swali kama hilo. Nikasema, "Ndiyo."

Akaanza kucheka, halafu akawa analia, na mimi sikujua nifuate lipi. Nikamletea maji. Alimaliza, akafunga risiti zake, akaenda. Sijui walisemezana nini na yule kijana. Najua tu kwamba bado yuko pale na bado anachuma.

Leo ni maboma 23 yanayoniletea risiti mwisho wa mwezi. Kila boma shilingi 50 kwa M-Pesa. Na yule mchumaji naye ana daftari lake. Anataka kilo zake zihesabiwe pia, ndiyo naye asipunjwe. Ni haki yake.

Pesa ni ngapi?

Mshaanza kuhesabu. Ni 1,150 kwa mwezi. Sitawadanganya kwamba mtu anaishi na hiyo. Inalipa bando na stima, basi.

Kinacholisha ni kazi nyingine iliyokua kando yake: kusikiliza rekodi za mahojiano ya Ekegusii na Kiswahili na kuziandika neno kwa neno, kwa watafiti. Saa moja ya sauti inanichukua kama saa sita. Wanaoweza kuandika Ekegusii vizuri na kwa subira si wengi, kwa hivyo mimi huweza kusema masharti yangu: maelekezo yote kwa maandishi, hakuna simu za ghafla, tarehe ya malipo iandikwe kabla sijaanza. Mwezi mzuri nafika 16,000. Mwezi mbaya 7,000. Bado nakula jikoni kwa Mama. Mtu akikuambia kwamba kazi ya nyumbani inakutajirisha ukiwa umelala, huyo anataka kukuuzia kitu.

Na msianze sasa kusema watu wa usonji ni majiniasi wa hesabu. Hiyo nayo imenichosha. Huko Denmark kuna kampuni inaitwa Specialisterne, ilianzishwa mwaka 2004 na Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, kuajiri watu kama sisi kwenye kazi za kompyuta. Ni wazo zuri. Lakini wengi wetu si wa kompyuta. Kuna kijana ninayemfahamu, ana usonji kama mimi, hawezi kukaa mbele ya kioo dakika kumi. Anafuga kuku, na anamjua kila kuku kwa sauti yake. Kuna wengine hawaongei kabisa na watahitaji mtu wa kuwasaidia siku zote, kazi iwepo isiwepo. Thamani yao haitokani na jedwali lolote.

Nyumbani ni neno zito

Sasa nirudi kwa yule jamaa wa ujumbe, na kwa kile ambacho nadhani hakukiona.

Kuna nyumba, huku kwetu na huko mjini pia, ambamo mtoto mwenye usonji anaingizwa chumba cha ndani wageni wakija. Familia zingine zinaona aibu, zingine zinaogopa maneno ya watu. Kwa hivyo ukiniambia "wewe fanya kazi ukiwa nyumbani," mimi nasikia vitu viwili. Kimoja ni: chagua mahali panapokufaa. Kingine ni: kaa huko huko, usitusumbue. Mlango ni ule ule. Tofauti ni nani anaufunga.

Hata serikali bado haituoni vizuri. Sensa ya 2019 ilipata asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, lakini maswali yenyewe yalikuwa ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Neno usonji halikuulizwa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilitaja asilimia 5 ya nafasi za kazi, na Mei 2025 tukapata sheria mpya. Ukisajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu unaweza kuomba usikatwe kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Mimi nimesoma hiyo nikacheka peke yangu. Nipeni kwanza hizo 150,000, nitakuja tuongee kodi.

Sisemi sheria hazina maana. Sajilini, tafadhali, na mzazi anayesoma hii amsajili mtoto wake. Ninachosema ni kwamba nafasi kwenye ofisi haimsaidii mtu ambaye ofisi yenyewe inamnyamazisha siku mbili. Na msiniambie mambo hayawezi kubadilishwa. Machi 2020 corona ilipoingia Kenya, maofisi mengi yaliyokuwa yakisema kazi haiwezi kufanyiwa nyumbani yaliweza ndani ya siku chache. Sisi tulipoomba ilikuwa upendeleo. Wao walipohitaji ikawa kawaida.

Kabla hujasema ndiyo

Kama una usonji, au hujui una nini ila unajua ofisi zinakumaliza, haya ndiyo maswali yangu manne kabla sijachukua kazi yoyote ya nyumbani.

Nani anaipokea? Kama huwezi kumtaja hata mtu mmoja upande wa pili, jua siku mlango ukifungwa hutakuwa na wa kumuuliza.

Inaisha lini? Risiti 60 zina mwisho. "Uwe unapatikana muda wote" haina mwisho.

Nalipwa siku gani, kwa njia gani? Iandikwe. Na ukiambiwa ulipe kwanza ndiyo upewe kazi, kimbia. Ukiambiwa ununue akaunti ya mtu mwingine ndiyo uingie, kimbia zaidi, maana siku ikifungwa hata kulalamika hutaweza.

Naweza kuuliza kwa maandishi bila mtu kukasirika? Hili wengi hulidharau. Kwangu ndilo la kwanza.

Na wewe unayetaka kutusaidia, usitutume tu mtandaoni kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kutoka. Uliza ni kazi gani inayokufanya usahau chai mpaka ipoe. Halafu angalia karibu na wewe nani ana mfuko wa risiti. Mimi nilitafuta kazi Marekani usiku kucha, na iliyonifaa ilikuwa boma la tatu.

Kama una kazi ambayo ilikufaa, au iliyokuvunja, niandikie. Ila niandikie, usinipigie.

Acha nitoe kitambaa sasa. Nasikia ng'ombe amekata kamba tena.